Mashangazi Hawakuangalia Mdomo

Nilikaguliwa na mashangazi watatu, Jumamosi asubuhi, chumbani kwa mama, dirisha likiwa limezibwa kwa kitenge. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Walinilaza juu ya mkeka, wakapiga magoti, wakainama, wakanong'onezana kama mafundi wa reli waliofungua injini. Kisha mkubwa wao, dada yake baba, akatoka uani akapiga kigelegele. Mtaa wetu wote wa Mikelenge ukajua kwamba mimi ni bikira. Jirani aliyekuwa akianika mpunga aliacha kazi yake akaja kumpa mama mkono.

Ilikuwa wakati wa vita. Garimoshi lilikuwa haliji tena Kindu, mji wetu wa Kongo kando ya mto, barabara zilikuwa mali ya wenye bunduki, na chumvi ilifika kwa ndege kama mgeni wa heshima. Mchumba wangu alikuwa amekwama Kibombo kwa wazazi wake, na hakuna aliyejua atafika lini, au kama atafika. Lakini ukoo wake ulikuwa umeomba uhakika kabla njia hazijafungwa, na shangazi hakuwa mtu wa kuacha kazi kwa sababu ya vita. Mwaka huohuo wanawake walikuwa wakirudi kutoka mashambani wakiwa wameumizwa na wanaume wenye silaha, na sikuona shangazi hata mmoja aliyewashika mkono kuwapeleka hospitalini. Hasira hiyo ninayo mpaka leo, na sina mpango wa kuiacha.

Sasa niseme jambo ambalo mashangazi hawakulijua. Siku nne kabla ya kigelegele kile, nilikuwa na karani wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kuandika mizigo inayoshushwa kutoka kwenye mashua, na kwa kuwa hakuna mashua iliyokuwa ikifika na mzigo, alikuwa na nafasi ya kutosha. Alinyoosha mashati yake kwa pasi ya makaa, vita au si vita. Alinipendeza, na sitasema zaidi ya hapo, ila kwamba tulitumia mdomo, bila kinga yoyote, na kwamba si yeye aliyenilaghai. Sheria tulikuwa nayo sisi wenyewe, wasichana wa mtaa, na ilikuwa fupi: kile ambacho shangazi hawezi kukiona hakikufanyika. Njia ya mdomo haileti mimba, haiondoi ubikira, na padri au shehe hawezi kuiuliza maana hata jina lake hathubutu kulitamka. Tulijiona wajanja kupita kiasi. Nilipomuuliza karani kama kuna hatari, alicheka akasema, "Hii haihesabiwe." Alisema kwa sauti ya mtu wa ofisi, nami nikaamini, kana kwamba magonjwa nayo yalipitia kwenye daftari lake.

Nilirudi nyumbani nikasukutua kwa maji ya chumvi na ndimu. Nikasugua meno kwa majivu mpaka ufizi ukatoka damu, nikiamini najisafisha, kumbe nilikuwa nafungua milango. Kisha nikasahau. Mashangazi wakaja, wakakagua, wakapiga kigelegele. Wakati wote walipokuwa wameinama kule chini, mdomo wangu ulikuwa hapa juu, karibu na macho yao, na hakuna aliyeniambia niufungue.

Wiki ya tatu kikatokea kidonda ndani ya mdomo wa chini. Kilikuwa kidogo, kigumu pembeni, hakiumi. Chini ya taya kukawa na uvimbe kama punje ya njugu. Shangazi aliniona nikikigusa kwa ulimi, akavuta mdomo wangu kwa vidole vyake viwili, akakitazama vizuri kabisa, mkaguzi mkuu wa ukoo, akatoa hukumu: "Pilipili hiyo. Upunguze pilipili." Nikapunguza pilipili. Nilinunua pia sokoni vidonge vya rangi mbili, vile vilivyokuwa vikiuzwa kimoja kimoja kando ya samaki wa kukaushwa, nikameza viwili na kujitangaza nimepona.

Wiki mbili baadaye dada yangu akajifungua. Yeye ndiye mkubwa wangu, baba mmoja mama mmoja. Mtoto wa kike alitoka salama akilia, lakini damu ya dada ikakataa kukoma. Tulimkimbiza hospitalini kwenye mkokoteni wa kubebea mawese, mama akishika kichwa chake, mimi nikishika miguu, shangazi akitembea mbele kuwafukuza watu njiani. Baba alikuwa kitandani na malaria. Mume wa dada alitutangulia hospitalini, na damu yake ilikuwa imekwisha kukataliwa, haikuwa ya kundi moja na ya dada.

Hospitalini hakukuwa na damu iliyohifadhiwa. Friji ilikuwepo, umeme haukuwepo. Damu ilitoka kwa ndugu na kuingia kwa mgonjwa ingali ya moto, na ndugu walipangwa kwenye benchi la ukumbini wakingoja kuchaguliwa. Muuguzi wa maabara, mwanaume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitokea mlangoni akauliza nani atatoa. Mama akanisukuma mgongoni.

"Huyu hapa, munganga. Mutoto safi. Hajaguswa na mutu."

"Mwenyewe nilimuangalia," shangazi akadakia, ukumbi mzima ukisikia. "Damu yake iko sawa maji ya mvua."

Watu wa benchi walinitazama kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuja na mgonjwa wa ngiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nilikuwa pale, kidonda cha mdomo hakijafunga bado, nikihisi ulimi wangu unakwenda wenyewe kukigusa.

Nilijaribu kukwepa. Nikasema nina malaria. Mama akasema kila mtu Kindu ana malaria. Nikasema niko kwenye siku zangu. Mama, ambaye alikuwa akihesabu siku zangu kuliko nilivyozihesabu mimi, akasema si kweli. Nikasema naogopa sindano. Mama akanitazama. Mikono yake ilikuwa na damu ya dada mpaka kwenye viwiko. "Yaya yako anakufa," alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "na weye unaogopa sindano?" Nikaingia maabara.

Muuguzi alinichoma kidole, akaweka matone ya damu kwenye kigae cheupe, akachanganya na dawa zake, akangoja. "Inalingana," alisema. "Muko kundi moja kabisa." Aliandika makundi yetu kwenye kipande cha karatasi, akanipa. Kisha akafunga mlango, jambo ambalo namshukuru hata leo.

"Miezi tatu hii, umelala na mutu?"

"Hapana. Mashangazi walinipima."

"Sikuulize mashangazi. Nauliza weye. Na kwa mudomo?"

Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akilitamka jambo hilo. Alilitamka kama mtu anayeuliza bei ya mchele.

"Hiyo nayo inahesabiwa?" nikamuuliza.

Akavua miwani. "Inahesabiwa, binti. Sida, ni Ukimwi hiyo, kwa njia ya mudomo hatari yake iko ndogo, ndogo kupita ile njia ingine. Lakini ukiwa na kidonda, ao ufizi unatoka damu, hatuwezi kusema hakuna. Kaswende, hiyo haina haya. Inapita kwa mudomo sawasawa vile inapita kule kwingine. Na kisonono kinaweza kulala kwa koo, hata kukohoa haukohoe. Umeona kitu?"

Nikavuta mdomo wangu wa chini nikamwonyesha, nikamweleza ya karani, wiki tano zilizopita. Hakusema pilipili.

Nilimwomba anipime haraka, pale pale, ili nijue, ili nimpe dada damu. Sitaki kujisifu: nilitaka pia aniambie sina kitu, nitoke nje nikiwa bado maji ya mvua. Akatikisa kichwa. Kipimo cha Ukimwi alikuwa nacho. Cha kaswende kilikuwa kimekwisha, ndege ilikuwa haijaleta. "Na hata hiki cha sida," alisema, "nikikupima leo kikasema hauna, kinasema habari za zamani. Mambo ya wiki tano hakijayajua muzuri. Rudi miezi tatu ikitimia." Kisha akanieleza kwa nini kuichukua damu yangu ni hatari. Kama ingekaa kwenye baridi siku kadhaa, kaswende ingekufa humo ndani, lakini hii itatoka kwangu na kuingia kwa dada ingali ya moto, kwa mwanamke ambaye hana hata nguvu ya kupigana na mafua, na ambaye atamnyonyesha mtoto; kidonda kikimtokea kwenye titi, mtoto naye ataambukizwa. Alisema, "Ukitaka kutoa, utoe. Lakini sasa unajua."

Nikasema sitoi. Ndipo nikaanza kulia, si kwa ajili ya dada, Mungu anisamehe, bali kwa sababu ya mlango ule ambao ningepaswa kuufungua na kukuta macho ya mama.

Muuguzi aliufungua yeye. Akatangaza: "Ya huyu hailingane. Mwingine."

Aliniokoa kwa maneno manne. Shangazi akakunja mkono wa blauzi yake akasema kwamba yeye ni mjane wa miaka kumi na minne, hajaguswa hata na upepo, wampime yeye. Wakampima. Alikuwa kundi lilelile. Alilala kwenye kitanda cha maabara kama malkia na kutoa damu yake huku akitueleza namna inavyotoka vizuri. Dada akapona. Shangazi alimwokoa, hilo ni kweli, na nisipoliandika nitakuwa mnafiki.

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kutoa damu bila kupata habari. Siku ya tatu alikuwa amekwisha piga hesabu zake. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, damu zao zinakataana? Damu ya dada inalingana na ya shangazi, kwa hiyo dada ni wa ukoo. Damu ya mdogo hailingani. Basi mdogo ni wa nani? Alilipeleka swali hilo kwa baba kitandani, kisha kwa baba wadogo, kisha kisimani. Walioishi Kindu wakati ule wanajua kwamba habari haikuhitaji garimoshi.

Muuguzi alipolisikia, alikuja nyumbani kwetu kwa miguu kueleza kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti, kwamba ni jambo la kawaida. Shangazi alimpa kiti na maji ya kunywa, akamwambia, "Munganga, weye ni mutu wa sindano. Mambo ya ukoo utuachie." Aliondoka ameinamisha kichwa. Pale mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alitaka kunificha mimi, na sasa amemuuza mama yangu.

Baba hakupiga kelele. Alipopona malaria alihamishia mkeka wa mama jikoni, kile kibanda cha uani chenye moshi, akasema tu kwamba njia ya Kibombo ikifunguliwa mama atarudi kwao. Baraza la ukoo litakaa kwanza. Mama hakujitetea. Nilimwuliza mara moja kwa nini hasemi, akajibu bila kuacha kupepeta mchele: "Nimuzalie watoto sita, nimuapie tena?" Alipika chakula cha baba kila siku humo jikoni, akakitenga, akarudi kukaa kwenye moshi wake. Macho yake yalikuwa mekundu na sikujua kama ni kuni.

Wiki saba nilinyamaza. Naziandika kwa herufi zote: saba. Nililala kwenye kitanda, mama yangu akalala jikoni, kwa sababu neno moja la kweli lingenigharimu mchumba na kigelegele. Nilijiambia nangoja kipimo. Uongo. Nilikuwa naogopa mashangazi kuliko nilivyoogopa bunduki, na bunduki tulikuwa tukizisikia kila wiki.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi hospitalini. Cha Ukimwi kilisema sina. Ndege ilikuwa imeleta vipimo vya kaswende, na hicho kilisema ninayo. Kidonda kilikuwa kimekauka zamani, nikidhani vile vidonge vya sokoni vimefanya kazi. Muuguzi alisema kidonda hujikaukia chenyewe, ugonjwa unabaki ndani ukifanya kazi zake taratibu. Akanichoma sindano mbili za penisilini, moja kila upande wa makalio, dawa nzito inayopita kama uji, akaniambia nimlete na karani. Nilikwenda bandarini nikitembea kama bata. Karani alinisikiliza, akanyoosha ukosi wa shati, akasema yeye hana kitu, hajawahi kuumwa kitu, na labda nilikipata mahali pengine. Nilimwangalia nikashangaa ni nini hasa nilichokuwa nimekipenda. Nadhani ilikuwa pasi.

Baraza lilikaa Jumapili, baada ya misa, sebuleni kwetu. Baba, wadogo zake wawili, shangazi kwenye kiti kilichokuwa kikubwa kuliko vyote. Mama aliitwa kutoka jikoni akakaa chini. Shangazi alianza kueleza juu ya damu, yeye aliyeitoa na hivyo kuwa mtaalamu wake. Nilisimama. Makalio yalikuwa bado yanauma.

"Damu yangu na ya yaya iko kundi moja," nikasema. Nikaweka mbele ya baba kile kipande cha karatasi cha muuguzi, nilichokuwa nimekificha ndani ya mto wangu muda wote huo. "Munganga alidanganya juu yangu. Ni mimi nilikataa kutoa. Nilikuwa na kaswende."

"Kaswende!" shangazi akaruka. "Nilikuangalia kwa macho yangu!"

"Uliangalia chini, shangazi. Mimi niliipata kwa mudomo. Na kidonda ulikiona. Ulisema pilipili."

Baba mdogo mmoja alianza kukohoa akashindwa kuacha. Shangazi akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Kwa mudomo?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina mlango wa pili na umekuwa wazi miaka yote.

Baba aliuliza swali moja tu: kama ningetoa damu, dada angeipata kaswende? Nikasema muuguzi alisema angeweza kuipata, naye angeweza kumpa mtoto. Baba akainuka. Nilifumba macho nikingoja kofi. Nikasikia hatua zake zikipita kando yangu mpaka uani. Akarudi na mkeka wa mama chini ya kwapa, ukinuka moshi, akaupeleka chumbani. Hakumwomba radhi siku hiyo wala nyingine. Mama alimfuata nyuma, na alipopita karibu nami alinibana mkono wa juu kwa kucha, kwa nguvu, mpaka alama ikabaki siku mbili. Sijui mpaka leo ilikuwa adhabu au shukrani. Hatukuizungumzia kamwe, na sasa hayupo.

Njia ilipofunguliwa, ukoo wa mchumba uliwatuma watu kuvunja uchumba. Niliumia. Nilimtaka yule mtu, na nililia siku nyingi. Baadaye niliolewa na mwingine aliyekubali kwenda nami kupimwa kabla ya kununua hata sabuni, lakini hiyo si habari ya hapa.

Yule mtoto wa kike aliyezaliwa siku ile sasa ana miaka mingi kuliko niliyokuwa nayo mimi, na mwezi ujao anaolewa. Shangazi bado yu hai. Haoni tena, jicho moja limekufa na la pili linatofautisha mchana na usiku tu, lakini wiki iliyopita ukoo ulimwalika aje kukagua. Akaletwa kwa pikipiki, akapapasa, akapiga kigelegele. Wakati huu sikuwa mimi juu ya mkeka, nilikuwa mtazamaji, na nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Siku hizi mambo yamebadilika, tunaambiwa. Vituo vya kupima vipo, kuna dawa ya kuzuia virusi kama mtu akikimbilia kituoni kabla siku tatu hazijapita, na kanisa lenyewe linawataka wachumba walete karatasi. Vijana wanakwenda kupimwa Jumatatu kwa jambo la Jumamosi, wanarudi na karatasi safi, wanaifunika kwa plastiki. Wanapimwa mkojo na damu, na koo halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayelisema. Mpwa wangu alinionyesha karatasi yake jana, anajivunia, kidole kikionyesha muhuri.

Nikamuuliza imepimwa lini, na mara ya mwisho na mchumba wake ilikuwa lini.

"Mama mudogo!" alisema, akicheka, akiziba uso kwa kitenge. "Hatujafanya kitu. Shangazi mukubwa mwenyewe aliniangalia."

Dada yangu alikuwa pembeni akichambua mchele. Aliinua kichwa akanitazama, naye ni mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata mara moja kwa nini damu iliyomwokoa haikuwa yangu. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya binti yake, nikamshika kidevu.

"Fungua mudomo," nikamwambia.